Robo ya Mungu

Baba yangu alikuwa fundi magari Manzese, na kila nati aliyoikaza aliiongezea robo ya mzunguko. Spana ikigoma, mkono ukikataa, anavuta pumzi, anasema "na hii ya Mungu," halafu anaizungusha robo nyingine. Gereji nzima tulikuwa tunaiita robo ya Mungu. Barabara zetu zilikuwa mashimo matupu, na gari la mteja likirudi nati zimelegea unatukanwa mbele za watu. Mie nilianza kushika spana nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi, kwa hiyo robo ile iliniingia mkononi mapema sana.

Siku hizi mie ni fundi wa ndege, upande wa magurudumu na miguu yake. Huku hakuna robo ya Mungu. Kuna kitabu, na kitabu kinasema nati hii ikazwe kiasi gani, kwa spana ya kipimo inayolia "ka!" ukifikia kiwango. Ikilia, unaacha. Basi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu: ruhusa ya kusaini kazi yangu mwenyewe. Huna ruhusa hiyo, unafanya kazi wewe, anasaini mwingine. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mitihani yote nimefaulu, wenzangu niliowafundisha mie kushika jeki wanasaini, lakini fomu yangu imelala kwenye droo ya mkaguzi wetu. Mkaguzi alikuwa mzee wa Masasi, mpole na mkaidi kupita kiasi. Kila nikimwamkia, shikamoo, marahaba, nikimuuliza fomu, jibu ni lile lile: "Bado kidogo, binti." Bado kidogo ya miezi minane! Nikifika nyumbani Temeke nilikuwa namsema mpaka mume wangu akaniambia, "Si umlete tu ahamie hapa, maana kila siku tunaye mezani."

Asubuhi moja tulikuwa tunamalizia gurudumu la kulia la ndege ndogo ya abiria. Tairi jipya, breki mpya, safari saa tano. Utaratibu wake ni huu: unakaza nati ya ekseli huku unalizungusha gurudumu ili beringi zikae vizuri, unailegeza yote, kisha unaikaza tena kwa kipimo kidogo tu. Nikafanya hivyo hivyo. Spana ikalia. Na mkono wangu huu mshenzi ukaongeza robo.

Wallahi sikuutuma. Tundu la pini ya kufungia likaja sawasawa, pini ikaingia kwa raha zake, kazi ikapendeza machoni. Mzee akaja, akalizungusha gurudumu. Lilikuwa zito kidogo, lakini breki mpya huwa zinakwaruza, kwa hiyo hakushangaa. Akatoa kalamu.

Nikisema, fomu yangu ndiyo basi tena. Nisiposema, nati inabana beringi, beringi inachemka, na siku moja gurudumu linagoma kuzunguka wakati ndege inagusa lami na watu ndani wamefunga mikanda. Siwafichi, niliifikiria fomu kwanza, abiria baadaye. Naona aibu mpaka leo.

"Mzee, usisaini."

"Kuna nini?"

"Nati nimeizidisha. Spana ililia, nikaongeza robo."

Akanitazama. "Nani kakuona?"

"Hakuna."

Akairudisha kalamu mfukoni. "Pandisha jeki."

Tukalivua gurudumu lote. Tukaziosha beringi, tukazikagua kwa lenzi moja baada ya nyingine. Ya nje ilikuwa na alama nyembamba, ndogo kiasi kwamba ukiwa na haraka huioni. Tukachukua mpya stoo, tukapaka grisi, nikaanza upya toka mwanzo. Safari hii spana ilipolia niliiachia kama nimeshika pasi ya moto. Rubani akaja amenuna kwa kucheleweshwa.

"Nani kalifunga hili gurudumu?"

"Mie," nikamjibu. "Mara mbili."

Akaninunia kidogo zaidi, halafu akacheka. "Haya dada, bora mara mbili tukiwa huku chini."

Ndege iliondoka saa saba. Mzee akaniita ofisini kwake, nikaenda nimeshajiandaa kufukuzwa. Akafungua droo, akatoa fomu yangu, akaisaini palepale mbele ya macho yangu. Jamani, badala ya kushukuru nikapandwa na hasira.

"Leo nimekosea ndiyo unasaini? Miezi minane sijakosea umeniweka benchi!"

"Miezi minane hujaniambia umekosea," alisema. "Kukosea umekosea, mwanangu, sote tunakosea. Nilikuwa sijui tu kama ukikosea utaniambia."

Nikakaa bila kukaribishwa, nikalia, furaha na aibu vimechanganyikana. Halafu nikajifuta uso kwa mkono wenye grisi, nikaanza kumwambia kosa la mwezi wa tatu, lile nililolirekebisha kimyakimya.