Masanduku Matatu Kwenye Kiti cha Nyuma

Fundi wa vitanda mmoja watu walimpa jina la Kigong'ota, kwa sababu hata akienda kumjulia hali mgonjwa, kwanza alikigonga kitanda asikie mbao zake zinasemaje, ndipo amuulize mgonjwa. Vitanda vyake vilikuwa vizito kupita kiasi. Mwizi mmoja aliingia nyumba ya watu kuiba kimojawapo, akakivuta hadi kukapambazuka, kikasogea hatua mbili. Akachoka, akakilalia. Wenye nyumba walimkuta anakoroma, wakamwamsha kwa chai. Atakayebisha na abishe, lakini chai alikunywa, na akaomba sukari.

Kigong'ota hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na dada mmoja tu, wa tumbo moja, na huyo ndiye aliyekuwa akimfulia, akimgombeza na kumchekesha. Dada akaolewa, akazaa binti, kisha mapacha wa kiume. Siku moja wakatoka safari, mume na mke mbele, watoto nyuma, na lori lililokatika breki likawafuata upande wao wa barabara. Wa mbele hawakurudi. Wale watatu wa nyuma, kila mmoja amefungwa mkanda kwenye kiti chake cha mtoto, walitolewa wazima wanalia.

Bibi yao mzaa baba akawachukua, na jambo la kwanza akawanunulia viti vipya vya namna ileile. Lakini magoti ya bibi yalikuwa yamekwisha. Akiinuka yanalia kama bawaba kavu. Mapacha wakikimbilia huku na huku, yeye anabaki katikati anapiga kelele. Msiba ulipopoa, wakubwa wakakaa kikao.

Shangazi wa watoto alikuwa amekuja kutoka mbali. "Mimi namudu mmoja," akasema. "Nipeni binti."

"Hawa si nyama ya kugawana mafungu," Kigong'ota akadakia. "Watoto wa dada yangu nawachukua wote watatu."

"Utawabeba na nini, mwanangu?" bibi akauliza. "Hiyo pikapu yako mbele inakaa wawili na nyuma zinakaa mbao."

"Nitaibadilisha, mama."

Bibi akanyooshea kidole vile viti vitatu. "Basi nisikilize. Wajukuu zangu watatoka mlango huu wamefungwa kwenye viti hivi, wote nyuma. Mbele hapandi mtoto. Mbele ndiko alikofia mwanangu. Ukija Jumapili na gari linalotosha watatu, ni wako wote. Lisipotosha, mapacha chukua wewe, binti anaondoka na shangazi yake."

Kigong'ota akatoa futi mfukoni palepale, akapiga magoti, akapima upana wa kila kiti chini kabisa, pale kinapokalia. Ndivyo alivyopima vitanda maisha yake yote: miguu ikienea chumbani, kitanda kimeenea. Juu ni hewa tu, na hewa haina shida.

Akarudi karakana akapiga randa, akapiga misumari, akatoa masanduku matatu yenye upana uleule. Akayapakia kwenye pikapu, akaanza kuzunguka yadi za magari.

"Fundi, unanunua gari au unahama?" muuza magari mmoja akamuuliza.

"Hawa ni wanangu watatu."

"Mbona kimya hivyo?"

"Wamelelewa."

Muuza magari akacheka hadi akashika boneti. Lakini akamfungulia milango. Gari la kwanza, sanduku la tatu likapakatwa na la pili. Gari la pili kiti chake kilikuwa na nundu katikati, ukimweka mtoto pale anafika amekuwa ngamia. La tatu lilikuwa la buluu, safi, na masanduku yakaingia kama meno kwenye ufizi. Kigong'ota akafunga mlango huu, akafunga na ule. Ikasikika *tap*, mara mbili. Akatoa leso akajifuta macho, akasingizia vumbi.

"Ungekuja na viti vyenyewe, mzee," muuza magari akasema, sasa hacheki. "Vile vitu vina mambo. Na ukishatoka hapo getini, mimi sirudishi."

"Mbao haijanidanganya hata siku moja."

Pikapu ikabaki yadi, gari la buluu likatoka. Siku zilizobaki Kigong'ota alitengeneza kitanda cha watoto, kimoja, kipana, cha kulala watatu, akakilainisha pembe zote kwa msasa hadi ukipitisha shavu husikii kitu.

Jumapili akafika kwa bibi anapiga honi tangu kona. Binti ndiye aliyetoka wa kwanza. Miaka minne tu, lakini alivyowaamrisha wadogo zake, nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa.

"Hili ndilo letu, mjomba?"

"Lenu, mama. Hamia."

Kiti cha pacha wa kwanza kikaingia upande mmoja. Cha pili kikaingia katikati. Cha tatu, cha Bi Mkubwa, kikafika mlangoni kikagoma. Chini nafasi ilikuwepo, kama masanduku yalivyosema. Lakini viti vile havikuwa masanduku. Vilikuwa vyembamba chini na vipana juu kama uyoga, vina mabega, vina masikio ya kukinga kichwa cha mtoto, na masikio yakakutana na masikio. Kigong'ota akahamisha cha katikati pembeni. Akahamisha cha pembeni katikati. Akavitoa vyote akaanza upya. Akasukuma mlango kwa nyonga, mlango ukamrudisha. Shati likalowa mgongoni.

Akaenda kwenye buti, akarudi na randa.

"Weka chini," bibi akasema.

"Mama, ni unene wa kidole tu. Nikipunguza hapa kidogo—"

"Weka chini, mwanangu. Hicho si kitanda. Hayo masikio ndiyo yaliyoniachia hawa."

Akaiweka. Shangazi mtu alikuwa amesimama karibu na gari lake, hakutabasamu wala hakusonya.

"Shemeji, tulikubaliana."

"Nipe wiki moja."

"Kazini wananisubiri kesho. Na mtoto si mzigo wa kuwekwa stoo hadi mwenyewe apate usafiri."

Bi Mkubwa, ambaye muda wote alikuwa kasimama na mfuko wake wa nguo, akamvuta Kigong'ota suruali.

"Mjomba, nikijibana je? Mimi naweza kuwa mdogo."

Akavuta pumzi, akakunja mabega hadi yakagusa masikio, akabana mikono mbavuni, akajifanya mwembamba kama ufito. Akabaki hivyo katikati ya ua, macho yamemtoka, anangoja mjomba ajaribu tena. Bibi akageukia ukuta.

"Pumua, mama," Kigong'ota akamwambia. "Pumua."

Kwenye gari la shangazi kiti cha Bi Mkubwa kiliingia mara moja, na nafasi ikabaki pande zote mbili.

Mapacha walilia njia nzima. Kwenye kitanda cha watatu walilala wamebanana upande mmoja. Kigong'ota akataka kubadilisha gari upesi, lakini bila pikapu vitanda vyake vizito vilikwenda kwa mkokoteni, kimoja kimoja, na wateja wakachoka kungoja. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Kwenye simu Bi Mkubwa aliuliza kila mara, "Mjomba, umepata gari?" Kisha akawa anauliza mara mojamoja. Kisha ikawa salamu tu.

Hatimaye akapata gari kubwa la safu tatu za viti. Safari hii alikwenda yadi na mapacha wenyewe na viti vyenyewe, na cha tatu alikinunua kipya. Akaendesha siku nzima hadi kwa shangazi.

Aliyefungua mlango alikuwa msichana mrefu mwenye sare ya shule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Akamshika mkono, akampeleka kwenye gari, akamfungulia. "Tazama. Mahali pako."

Msichana akachungulia, akatabasamu kwa huruma. "Mimi sikai tena kwenye hivyo, mjomba. Nimekua." Kisha akageuka akaita ndani, "Mama! Wageni!"

Shangazi akatoka na mapovu ya sabuni mikononi, uso umejaa furaha ya kweli. Mtoto alikuwa kanenepa, kasukwa vizuri, daftari zake ziko mezani. Lile alilokuja kuliomba Kigong'ota akalimeza.

Mapacha walikuwa wameshuka, wamejificha nyuma ya miguu yake. Mmoja akachungulia.

"Baba, huyu nani?"

"Dada yenu."

Mtoto akatoka taratibu, akanyoosha mkono kama alivyofundishwa kuwafanyia watu asiowajua.

"Shikamoo," akasema.

Msichana akaupokea ule mkono. "Marahaba," akaitikia, kwa adabu zote. "Karibuni ndani."