Tokeni za marehemu zilivyohama

Leo nimekusanya watu wa msiba, na hakuna aliyekufa.

Marehemu mume wangu aliniachia tokeni za kripto kwenye simu, pesa za mtandaoni za ada ya shule ya watoto. Shemeji Twaha, aliyeko Mbale, akanielekeza kwa simu kuzihamishia blokcheni nyingine, yaani mtandao mwingine wa pesa hizo.

"Shemeji, tuma kidogo kwanza. Zikipotea hazirudi."

Marehemu naye alikuwa akionja chai kabla ya kunipa.

Nikatuma kidogo.

"Sioni kitu!" akasema Twaha.

Nikapiga yowe. Mama Zubeda, jirani yangu hapa Kimaka, akaja mbio na kuni za matanga.

"Nani tena?"

"Tokeni za marehemu!"

Majirani wengine wakamfuata. Tukalia wote.

Twaha akapiga tena. "Shemeji, zimefika. Nilikuwa natazama mtandao ule wa zamani."

"Mimi kuni sirudi nazo," akasema Mama Zubeda. "Pika."

Zilizobaki nikazituma, wote wakikodolea macho kidole changu. Zimefika.

Mkiomba dua leo mtutaje, mimi na marehemu.