Mkorogeni ni Wapi?

Bi Siwema hakupata kufunua sufuria bila kubisha hodi. Aliinama jikoni, akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hodi humo! Mmeshavaa?" Kisha alingoja kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu, ndipo akafunua. Na alichokigonga hakikuwa mfuniko. Ilikuwa sahani ya bati yenye maua mekundu yaliyobanduka, isiyoenea vizuri, mvuke ukiponyoka upande mmoja. Mifuniko ilikuwa tele dukani kwa Zubery, hatua hamsini kutoka kwake.

Esta alipopanga chumba cha uani kwa Bi Siwema, mwaka 1956, alikuwa mwalimu mpya hapa Mbeya, ametoka chuoni na sanduku moja. Alidhani mama huyu ni bahili. Ilipita miezi mitatu kabla hajathubutu kuuliza.

"Mama yetu ndiye aliyetufunza," Bi Siwema akamjibu. "Chakula kikiwa motoni kiko uchi, mwanangu. Ukikifunua ghafla kinaona haya."

"Na mfuniko wenyewe uko wapi, mama?"

"Uko safarini."

Hakusema zaidi siku ile. Alikuwa mjane, mtoto wa wafanyabiashara wa Iringa ambao babu zao walipanda kutoka pwani, na maneno aliyatoa kama chumvi, kidogo kidogo. Baadaye Esta akajua. Mdogo wa Bi Siwema, Yunusu, aliingia Keya, jeshi la Waingereza, mwaka 1942 akapelekwa vitani Bama, kule Asia. Asubuhi ya kuondoka aliingia jikoni kwa mama yao, akachukua mfuniko wa sufuria, akautia mkobani. "Huu nitaurudisha mwenyewe," akasema, "ili mjue narudi." Mama alimkimbiza na mwiko mpaka barabarani, anacheka, analia. Vita vikaisha. Wengine walirudi na makoti yao mazito. Yunusu hakurudi, wala haikuja karatasi ya kusema kafa. Mama alipofariki, katika urithi wote Bi Siwema aliomba sufuria ile tu.

Siku za Jumapili, saa kumi, Zubery alitoa redio yake ya betri akaiweka barazani, na mtaa mzima wa nyuma ya soko ukaja kusikiliza mchezo wa kuchekesha kutoka Dar es Salaam. Mchezo huo ulihusu mji uitwao Mkorogeni, na watu wake wawili, Bi Kidawa na mumewe Fundi Sururu, ambaye kila alichokitengeneza kiliharibika zaidi. Mchezo ukiisha, ndipo ubishi ulipoanza: Mkorogeni ni wapi?

"Ile mji ni Tukuyu," alisema Sedekia, mkulima wa milimani aliyeshuka na viazi vyake. "Mvua kila siku! Mtu anaanika shati Jumatatu, anavaa Ijumaa."

"Mji ule, Sedekia, si ile mji," Zubery akamsahihisha. "Na Tukuyu kuna treni? Juma lililopita Fundi Sururu si kaachwa na treni?"

"Basi iko Tabora."

"Tabora! Na mnazi aliokwea akaanguka, uliota Tabora? Ule ni mji wa pwani. Kwetu kule."

"Kwenu wapi, baba we? Umezaliwa hapa hapa, bahari umeiona kwenye kalenda. Kwenu pwani maharage yanaungua na baridi?"

Watu wakacheka hata Zubery akalazimika kucheka. Kwa kweli mji ule ulikuwa na minazi ya pwani na jalidi ya milimani, treni na ziwa, na mlima ambao juma moja ulikuwa mashariki na juma la pili magharibi. Bi Siwema alikuja pamoja na Esta, akakaa pembeni na kanga yake, akitabasamu. Ubishi haukumhusu.

Mpaka Jumapili moja ya mwezi wa sita. Redioni Fundi Sururu alikuwa analia njaa, Bi Kidawa akasogea jikoni, na mara zikasikika ngo, ngo, ngo, juu ya bati. Bi Kidawa akasema, "Hodi humo! Mmeshavaa?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Esta akageuka. Bi Siwema alikuwa amesimama, mkono kifuani.

"Mkorogeni ni Iringa," akasema.

"Bi Siwema naye kaingia!" Zubery akashangilia. "Haya, tupe ushahidi."

"Ushahidi ninao jikoni."

Usiku ule hakula. Asubuhi alimngoja Esta mlangoni. "Mwalimu, niandikie barua kwa hao wa redio. Aliyetunga maneno yale amekula kwa mama yangu. Kama si Yunusu mwenyewe, basi amekaa naye. Waulize tu kwa adabu Mkorogeni ni wapi, na yale maneno waliyapata kwa nani."

Esta aliandika kurasa mbili. Alitaja jina la Yunusu na Iringa, na ule mfuniko. Majuma sita Bi Siwema alipita posta kila siku ya barua, na kila jioni alifagia ua mara mbili, kama nyumba inayosubiri mgeni.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Walikaa jikoni, Esta akasoma. Aliyeandika alijiita Liberatus, mtunzi wa mchezo. Alisema Mkorogeni haupo popote. Minazi aliitoa kwao Tanga, treni Morogoro, baridi aliitoa katika hadithi za wenzake, na Iringa hajawahi kufika. Ama maneno ya Bi Kidawa, hayo hakuyatunga. Aliyapata Bama, kwa koplo mmoja waliyelala naye hema moja. Koplo yule alikuwa na mfuniko wa sufuria mkobani, hana sufuria. Kila walipogawiwa chakula alifunika sahani yake, akagonga, akabisha hodi, na hema zima likacheka hata siku za mabomu. Walimwita Hodi. Jina lake la kwao, Liberatus hakulijua, na akaomba radhi kwa hilo.

Esta akaishia hapo. Alikunja karatasi polepole.

"Mwalimu," Bi Siwema akasema, "macho yako yameshuka chini kuliko ulimi wako. Nisomee na hayo."

Esta akaikunjua tena. "'Tuliachana katika hospitali ya kambi. Alikuwa na homa kali. Mimi nilipanda meli, yeye akabaki. Sijui zaidi, mama yangu.'"

Kuni zilikuwa zinatoa moshi. Bi Siwema akazisogeza.

"Alikuwa anawachekesha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mfuniko alikuwa nao."

"Alikuwa nao."

"Alipobaki hospitali, je?"

"Haikuandikwa."

Bi Siwema akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa nusu ya alichoomba na hataki kuonekana hana shukrani. Kisha akagonga sahani mara tatu, akabisha hodi, akapakua. Wakala. Esta aliona kwamba safari hii mama alikuwa amengoja kitambo zaidi kabla ya kufunua.

Jumapili iliyofuata Zubery hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Bi Siwema! Barua imesemaje? Mkorogeni ni wapi?"

"Iringa."

"Wamekubali?"

"Wamesema wao wenyewe hawajui."

"Kumbe!" Sedekia akapiga goti lake. "Kama wenyewe hawajui, basi inaweza kuwa Tukuyu!" Ubishi ukaanza upya, na Bi Siwema akakaa mahali pake, akijifunika kanga vizuri kwa baridi ya mlimani.

Mwanzoni mwa 1958 Esta alihamishiwa shule moja ya Rujewa. Siku ya kuondoka alipita dukani akanunua mfuniko mpya, wa kiasi cha sufuria ile, akauzungushia gazeti. Alimpa Bi Siwema penye basi, watu wakipakia mikungu ya ndizi juu. Bi Siwema alifungua gazeti, akautazama mfuniko, akaupitishia kidole ukingoni pote. Basi likawashwa. Esta alipanda, akainama dirishani kumuaga, na Bi Siwema akauingiza mfuniko dirishani, akamwekea mapajani.

"Katafute sufuria yako, mwanangu," akasema. "Yangu ina mfuniko wake."