Mafahali Wamefungua Njia ya Mtoni

Leo damu imemwagika kwenye njia yetu ya mtoni, hapa Kosele.

Mwenye ploti inayopitiwa na njia hiyo aliiziba kwa mabati, akaweka mlinzi. Tulilalamika, hakujali.

Leo tumemzika jirani yetu. Kwa wasiojua: sisi Waluo hukifukuza kifo kwa mafahali, tukipita njia alizopita marehemu.

"Rudisheni ng'ombe, wazee!" mlinzi akafoka tulipofika kwenye mabati.

Mjane akamjibu, "Kifo hakirudishwi, nyathina, mwanangu. Ama ukae nacho wewe?"

Mlinzi akampasua shemeji yangu kichwa kwa rungu. Mafahali wakashtuka, wakayavamia mabati, wakamvunja mlinzi mguu.

Njia iko wazi. Mwenye ploti anatafuta vijana waizibe tena, lakini kifo tumekiacha palepale kwake.

Wewe ungeshika nyundo?