Anataka kumpikia baba yangu mdogo, na mimi nimetumwa kumzuia

Admin, naomba ufiche jina langu na jina la kijiji chetu. Huku watu wanajuana sana.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, sijaolewa. Ni sekretere katika biro ndogo, yaani ofisi, hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na baba mdogo katika kijiji kimoja kwenye njia ya kwenda Kabambare. Yeye ndiye aliyenisomesha, na yeye ndiye aliyezungumza na mkubwa wa biro nikapata kazi. Naanza na hilo ili msinione sina shukrani.

Mwaka huu biro yetu inapokea majina ya watu watakaopewa tuzo kwa kupatanisha Watwa na jirani zao. Mlio mbali huenda hamjui: Watwa ndio watu wa kwanza wa misitu hii, sisi wengine tuliwakuta. Lakini tumeishi nao kana kwamba wao ndio waliotukuta. Kijijini kwetu Mtwa akija kukulimia shamba, unampa chakula juu ya jani la mgomba, naye anakula nje. Sahani yako haigusi. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno, nilikua nikiona. Kisha yakaja mapigano kati yao na sisi, nyumba zikachomwa pande zote mbili, watu wakafa.

Kwetu, baba mdogo ndiye aliyeyamaliza. Alikwenda kambini kwao mara nyingi, peke yake, wakati wanaume wengine waliogopa hata kupita njia ile. Mwishowe akawaalika wakubwa wao uani kwetu, akakaa nao chini, akala nao bukari, ndio ugali wetu, na kuku katika sahani za nyumba, kijiji kizima kikiona. Nilikuwa likizo, nilikuwepo. Wazee walilia. Tangu siku ile wanawake wetu wanakwenda shambani bila woga, na watoto wa Watwa wanaingia shule. Hilo ni kweli na sitalipunguza.

Ila wageni walipoanza kuaga, nilikuwa jikoni. Mama mdogo, mke wake, alizikusanya zile sahani kwa ncha za vidole, akasema hatazitumia tena na hataki zilale ndani ya nyumba yake. Nilidhani baba mdogo atamgombeza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Basi tuwape, waende nazo." Akazifunga mwenyewe katika kitenge, akatoka nazo, akawapa kama zawadi. Watu wakapiga vigelegele.

Mwezi uliopita akaingia biro mama mmoja wa kambi ile. Nitamwita Mama Feza. Wakati wa mapigano alimzika mwanawe. Kanuni ya tuzo ni kwamba jina liletwe na Watwa wenyewe, nami niandike wanayosema, kisha wageni wanaotoa tuzo waende kambini kuwasikia. Alinitambua, akacheka, akanikumbatia, akaniita mutoto ya mzee. Jina alilolileta lilikuwa la baba mdogo. Nikamwuliza amewafanyia nini hasa, nikitegemea ataanza na mashamba au shule.

"Andika ya sahani kwanza," alisema. "Tangu nizaliwe, batu ya kijiji wananipatiaka chakula mu majani. Yeye alitupatia sahani zake, akasema tubakie nazo. Siye hatujakula mo ndani hata siku moja, tuko tunazichunga. Siku wageni ya tuzo watafika kambini, nitamupikia mzee, ale mo ndani, ale kwetu."

Niliandika. Neno "sahani" nililikosea mara mbili, nikalikata na kuliandika upya.

Baba mdogo aliposikia jina lake limeletwa alifurahi sana. Aliposikia habari ya chakula, alipanda pikipiki akaja mpaka chumbani kwangu. Hakutaka hata maji. Alisema nimwambie Mama Feza kwamba biro inakataza kupika, kwamba wageni watakula mjini, asijisumbue. Nikamwuliza kwa nini yeye asile.

"Nilikula nao mu lupango yangu, mbele ya batu yote," alisema, akimaanisha uani kwetu. "Haitoshi?"

"Baba, lakini sahani ni zako."

"Zilikuwa zangu."

Akageukia mlango. Kisha akasema bila kuniangalia, "Nilijaribu, mwanangu. Kula walichopika wao, moyo unakubali, koo inakataa. Usiniaibishe." Nilimwona amezeeka ghafla, nikamhurumia, halafu nikakasirika kwa kumhurumia.

Tangu siku hiyo sina usingizi. Nikipeleka ujumbe wake, nitakuwa nimemdanganya mama aliyenikumbatia mbele ya watu wote wa biro, na baba mdogo atavishwa sifa ambayo nusu yake si ya kweli. Nikikataa, ataketi pale kambini, chakula kitakuwa mbele yake, naye hatakigusa. Watwa si wajinga, wataelewa siku hiyohiyo kwa nini walipewa zile sahani. Mapigano yaliisha kwa sababu waliamini mlo ule. Nani atawazuia vijana wao, na vijana wetu? Nikimwambia mkubwa wangu, jina litaondolewa, nami nitakuwa nimempoteza baba pekee niliyebaki naye. Nimefikiria pia kumweleza Mama Feza ukweli, polepole, tukiwa wawili tu. Najaribu kutafuta neno la kuanzia na silioni.

Wageni wa tuzo wanakwenda kambini wiki ijayo. Leo asubuhi Mama Feza amemtuma mwendesha pikipiki mmoja kwangu. Anasema kuku amekwisha kumfunga, ila anataka kujua jambo moja kabla hajaanza kutafuta viungo: mzee anakulaka pilipili?

Yule wa pikipiki anarudi huko kesho na atapita kwangu kuchukua jibu. Ninyi mnaosoma, wenye mama na wenye baba, nimpe jibu gani ampelekee?