Vyuma Viwili Chini ya Kiti

Mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo mkikuta neno limekosewa au mstari umepanda mlima, nawaomba radhi. Niliishia darasa la nne, huko kwetu ufukweni upande wa Mara, na kurasa hizi nimeziandika kwa siku nyingi. Mambo yenyewe ni ya mwaka wa uhuru. Nayaandika kwa sababu kuyasema kwa mdomo nimeshindwa.

Nilikuja Mwanza kwa dada yangu, aliyeolewa na fundi wa gereji moja ya malori ya pamba. Shemeji hakunichukua kazini. Alisema sina mdomo, na fundi asiye na mdomo wateja humkimbia. Nikapata rafiki mmoja tu, fundi bati, kijana wa familia ya Waislamu wa zamani hapa mjini. Alinizidi kama miaka mitano. Nilimwita kaka, naye aliniita mdogo wangu. Alitengeneza vibatari, ndoo na majiko uani kwa shangazi yake.

Tukapewa bure gari lililotumbukia mtaroni njia ya Ilemela. Mwenyewe alitaka tu litoke mbele ya mlango wake. Tulilivuta kwa punda wawili mpaka uani.

Wakati ule vijana wenye magari walishindana Jumapili alasiri, ng'ambo ya njia panda ya Usagara, mahali barabara ya vumbi iliponyooka kuelekea Kigongo. Magari mawili husimama sambamba, mtu huangusha kitambaa cheupe, na la kwanza kufika kwenye kalavati, daraja dogo la mtaro, limeshinda. Hakuna kona. Gari la gereji ya shemeji lilikuwa halijashindwa hata mara moja. Kaka akasema tutalishinda, nami nikaitikia kwa kichwa.

"Shikamoo, shangazi," nilimwamkia asubuhi tuliyoanza kazi.

"Marahaba. Hilo jeneza litakaa uani kwangu mpaka lini?"

"Mpaka lishinde, shangazi," kaka akajibu.

"Haya. Likishinda, ua huu ni gereji yenu, na mimi sitafungua mdomo tena. Likishindwa, linatoka siku hiyohiyo, napanda mchicha."

Kaka alicheka. Mimi sikucheka, maana shangazi hakuwa mtu wa kusema neno halafu akalisahau. Mjini pote sikuwa na mahali pengine pa kufungulia hata nati moja.

Tuligawana kazi: injini yangu, bodi yake. Tangi la petroli lilikuwa debe la mafuta ya taa. Breki nilizivisha vipande vya mkanda uliokatika wa kinu cha pamba. Gasketi, ile ya kuziba maungio ya injini, niliikata kwenye sinia la shaba la shangazi, lile lililotoboka, nikalichonga kwa patasi siku tatu. Injini ilipowaka mara ya kwanza, kuku waliruka ukuta na shangazi akatoka jikoni na mwiko. "Kumbe linapumua!" akasema. Siku hiyo nilijiona fundi.

Kisha vitu vikaanza kupotea.

Kwanza ilikuwa mitambo ya kupandishia vioo. Jumatatu nilifungua mlango nikakuta ndani ni patupu. Jumatatu iliyofuata hapakuwa na kiti cha nyuma wala vyuma vyake. Kisha bati la sakafu ya nyuma, bati nene la kijani. Kila mara ilikuwa Jumatatu. Jumapili mimi huwa kanisani, na kutoka huko hupitia kula kwa dada. Uani hubaki kaka peke yake.

Sikumuuliza. Ningemuulizaje? Nilianza kumtazama mikono. Aliponipa spana nilitazama kama kucha zake zina rangi ya kijani. Akiimba, nilijiuliza ana furaha gani. Akinyamaza, nilijiuliza anaficha nini.

Halafu sokoni nikaliona jiko. Jiko zuri la mkaa, bado halijatiwa moto, na ubavuni lina rangi ya kijani ileile, pamoja na mkwaruzo nilioufahamu. Nikamuuliza mwenye meza ametoa wapi. "Si kwa rafiki yako yule," akasema. "Analeta kila wiki."

Nilirudi nyumbani. Gari letu lilikuwa likiuzwa kipande kipande, nami nikilitengenezea injini.

Jumapili hiyo kwa dada sikula vizuri. Shemeji akanitania, "Vipi bwana, gari lenu limekula kila kitu hata hamu?" Kisha akaniuliza kama ni zito. Nikasema linazidi kuwa jepesi. Akatikisa kichwa kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Gari jepesi halishiki barabara ya vumbi, shemeji. Tairi zitazunguka bure pale pale. Gari ni uzito."

Nilimwamini. Yule wa kutiliwa shaka nilikuwa nimeshampata, kwa hiyo shemeji hata sikumfikiria.

Ijumaa, kaka alipokwenda msikitini, nikaleta kwa mkokoteni vyuma viwili vipana nilivyookota kwenye takataka za kinu, kimoja kikimshinda mtu mmoja kukibeba hatua ishirini. Nikavifunga chini ya kiti cha dereva kwa bolti, nikaponda ncha za bolti kwa nyundo ili nati zisifunguke kamwe. Juu nikatandika gunia. Moyoni nikasema: hivi nione utaviuzaje. Kaka aliporudi, kofia bado kichwani, aliitazama nyundo. "Ulikuwa unapiga nini?" "Ekzosi," nikasema.

Jumapili ya mashindano ikafika. Watu walijaa pande mbili za barabara. Kaka ndiye aliyeendesha, maana mimi kutazamwa na watu kunanitetemesha. Alipokaa, akachungulia nje.

"Mdogo wangu, mbona limeketi chini hivi?"

"Ni pilau ya shangazi," nikasema. Watu wakacheka. Ulikuwa mzaha wangu wa kwanza mbele za watu, tena ulikuwa uongo.

Kitambaa kikaanguka. Letu liliruka mbele, nikasikia injini yangu ikiimba bila kukohoa. Nusu ya njia tulikuwa tunaongoza kwa urefu wa gari zima. Halafu nikaona pengo linapungua. Injini ilikuwa inalia kama mtu anayepanda kilima na gunia mgongoni. Karibu na kalavati gari la gereji likatoka kwenye vumbi, likapita kwa urefu wa boneti tu.

Nilipofika mbio, kaka alikuwa amepiga magoti kando ya gari, gunia mkononi. Alikuwa ameviona.

"Nani ameweka hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikasema yote kwa mara moja, mimi nisiye na mdomo. "Uliuza sakafu. Uliuza kiti cha nyuma. Nimeliona jiko."

Alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji. "Nililipunguza uzito," akasema taratibu. "Kila Jumapili nilifungua kitu kimoja ili liwe jepesi. Na lile jiko ndiyo petroli iliyokuwa inaunguruma sasa hivi. Ulidhani petroli ilitoka wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda kulisema kwenye ugali wa shemeji yako. Kila Jumapili unakula huko. Nami nina macho."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu, anapangusa mikono kwa kitambaa. Alitabasamu, au jua lilikuwa linampiga usoni, sijui mpaka leo.

Shangazi alitimiza ahadi yake. Jioni hiyohiyo tulilisukuma gari mpaka nje, kando ya ukuta, mimi upande wa kulia na kaka wa kushoto. Kesho yake kaka alichukua mkasi wake wa kukatia bati, akaenda kuvuka ziwa pale Kigongo kutafuta kazi upande wa pili. Mchicha ulishavunwa mara nyingi. Mimi nimepata kazi kwenye gereji ya shemeji. Sasa anasema kimya changu kinamfaa. Mitambo ya malori naifungua na kuifunga, na kila shemeji anaponifundisha jambo naenda kulijaribu kwanza peke yangu.

Ninyi mnaosoma na mnaoyajua magari, nawaomba mniandikie hata mistari miwili: ni kweli gari jepesi halishiki barabara ya vumbi? Nataka kujua kama shemeji alinidanganya, au kama aliniambia alichokiamini na kosa likawa langu peke yangu. Na kama kuna aliyemwona fundi bati mrefu huko ng'ambo, anayeimba akikata, amwambie vile vyuma viwili nimevitoa. Ilinibidi kuzikata bolti kwa msumeno. Injini bado inawaka.