Dende wa Tate na Mke wa Baba Mdogo

Dende wana mlio wao wanaposikia kisu kikimenya muhogo. Ni mwembamba na mrefu, kwii, kwii, na mmoja akianza wote huitikia. Mjukuu wangu amefuga wawili katika kreti ya bia nyuma ya nyumba, na juzi, nikiwa nimekaa nachambua mboga za lengalenga, nikausikia mlio ule. Mikono yangu ikasimama. Wengine mnawaita simbilisi, na waliosoma sana husema kobaye. Kwetu Uvira ni dende, yule mnyama wa jikoni asiye na mkia, mwenye meno ya panya na haya ya bibi harusi.

Utotoni mwangu, miaka ile ya hamsini, mlio huo ndio ulioniamsha kila siku. Dende wetu hawakuwa na kizimba. Walikaa jikoni chini ya uchaga wa kuni, na moto ukipoa walisogea kulizunguka jiko kama wageni waliochelewa. Jikoni mlinuka moshi, ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, na mkojo wao. Mmoja alikuwa wangu, mweusi mwenye kifua cheupe, nikamwita Sista kwa sababu alifanana na masista wa misheni. Mama alinionya kwamba hiyo ni dhambi, lakini jina lilikuwa limekwisha kukaa.

Mwenye jiko alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Tate. Alikuwa ameolewa Uvira akitokea Mutarule, na kwa maisha yake yote hakumwamini mtu hata kivuli chake. Chumvi aliifunga kwenye fundo la kitenge akalala nayo. Watu wa kwetu walifuga dende kwa ajili ya nyama, na watoto wakapata cha kuchezea. Tate alikuwa na sababu nyingine. Dende, alisema, anakula maganda ya kila kinachopikwa nyumbani. Kwa hiyo sumu ikiingia jikoni, yeye ndiye atakayeonyesha kwanza, kabla haijafika kwenye sahani ya mtu.

Ndipo baba mdogo, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini Kalundu, alipooa. Mkewe aliitwa Feliche, msichana wa Kiringye, kule tambarare ya Ruzizi. Kiswahili alikisema polepole, na akiwa peke yake na wanyama alisema nao Kirundi kwa sauti ya chini. Tate alikuwa na mchumba mwingine akilini, binti wa rafiki yake, na hilo kila mtu uani alilijua. Feliche naye alilijua, kwa hiyo alijitia bidii ya mtu anayetafuta cheti. Alfajiri alishuka ukingoni mwa mto Mulongwe kukata majani ya dende, akarudi na mzigo uliomzidi ukubwa, umande ukimchuruzika mpaka kwenye visigino, akaurundika nyuma ya jiko. Kabla yake sisi watoto ndio tuliokuwa tukileta majani, kiganja leo, kiganja kesho. Majirani walisimama kuutazama mzigo ule, na baba mdogo akaanza kutembea kifua mbele.

Mvua zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja mama alimenya muhogo na hakuna dende aliyelia.

Nilichutama nikawaona wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho nusu. Mmoja alikuwa akisaga meno bila kitu mdomoni. Pale chini ambapo siku zote palijaa mavi yao, yale kama punje ndefu nyeusi, palikuwa patupu. Tate alimnyanyua mkubwa wao, akampiga tumbo kwa kidole, nalo likalia kama ngoma ndogo. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa, na siku zilizofuata akafuatiwa na wengine. Hakuna aliyeruhusiwa kuwala. Tate aliwazika mwenyewe nyuma ya choo, akakanyaga udongo kwa miguu yote miwili.

"Dende haiwezi kufa bure," alimwambia baba. "Humu jikoni muko mukono ya muntu."

Hakutaja jina. Alikuwa akimtazama Feliche mgongoni, na Feliche alikuwa ameinama anafagia.

Tangu siku hiyo uani kwetu watu waliongea kwa macho. Tate alijipikia chungu chake kidogo, akakifunika kwa kiganja hata alipokwenda kuchukua kijiko. Mama akaanza kusuuza masufuria yaliyokuwa safi. Mimi nilimpenda Feliche, maana alikuwa akinisuka nywele bila kunivuta, lakini hata hivyo nilijikuta nikimchungulia kupitia nyufa za ukuta, nikihesabu kila anachokigusa. Nilimshuku pia paka wa jirani, na mwanamke aliyekuwa akituuzia mawese. Kisha nikasikia baba akimweleza mama kwa sauti ya chini kwamba wazee wa ukoo wameitwa Jumapili baada ya misa. Jambo likithibitika, Feliche atarudishwa Kiringye na mkeka wake. Msichana aliyerudishwa kwao kwa neno kama hilo hakuna atakayemposa tena, na wadogo zake wa kike pia watazeekea nyumbani.

Ili ushahidi uwe mzuri, Tate alichukua mnyororo na kufuli ya baiskeli ya baba, akafunga mlango wa jikoni, ufunguo akautia kwenye fundo la chumvi. Feliche alikatazwa kugusa hata jani. Tate mwenyewe ndiye aliyeshuka mtoni alfajiri. Na kwa kuwa majirani walikuwa wakitazama, hakutaka kuonekana ameshindwa na mtoto wa jana: akarudi na mzigo mkubwa kuliko wa Feliche, unatiririka maji, akaurundika ndani kabisa, karibu na moto, ambako mkono wa mtu mwingine usingefika. Alipoketi kupumzika alikuwa akihema, lakini ameridhika.

Siku iliyofuata Tate alipofungua mlango, Sista alikuwa amevimba.

Kufuli ilikuwa ya Tate, ufunguo wa Tate, majani ya Tate. Baba alikohoa akaenda kukagua matairi ya baiskeli yasiyokuwa na kasoro. Nilimtoa Sista nje nikilia, na Tate, akiwa amechanganyikiwa, akaniambia nimtupe. Feliche akamchukua mikononi mwangu. Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule, mgumu, kama mtu aliyekuwa akingoja jambo na sasa limefika.

Hakumpa kitu chochote kibichi. Alimweka chini juani akamlazimisha kutembea, akimsukuma nyuma kwa kidole. Akichoka, alimpakata akamkanda tumbo polepole, kutoka mbavuni kushuka chini. Maji ya vuguvugu alimdondoshea mdomoni kwa ncha ya kitambaa. Kisha akaingia chumbani, akapasua godoro lake la majani, akachomoa nyasi kavu alizokuwa akizilalia, akamwekea puani. Mtu mwingine hakuruhusiwa kusogea. Tate alipokaribia, Feliche alimgeuzia mgongo, jambo ambalo mke wa mwana hawezi kumfanyia mama mkwe, na watu waliona.

Alasiri Sista akatafuna unyasi mmoja. Baadaye kidogo akaacha mavi kwenye kanga ya Feliche, punje chache, ndogo na kavu, nami nilizifurahia kuliko peremende. Tate alikuwa amesimama mlangoni anatazama zile nyasi kavu. Alizitazama muda mrefu. Halafu akaingia jikoni, akazamisha mkono wake katikati ya lundo la majani, akautoa haraka. Akaniita nami niutie wangu. Ndani mlikuwa na joto kama kwapa la mtu mwenye homa, na harufu ya pombe ya ndizi iliyoanza kuchacha.

"Iko inajipika," alisema Tate taratibu, akijigusa kifua. "Hii majani iko inajipika yenyewe, na minye njo niliweka."

Akaanza kuyatoa nje kwa mikono yake, akayatandaza juani, machache machache, mpaka ua wote ukawa wa kijani.

Jumapili wazee walifika na nyuso za kesi. Tate hakueleza lolote. Watu wa umri wake hawakuombana msamaha kwa maneno. Alimwambia Feliche apike. Chakula kilipoletwa, bugali ya muhogo na ndagala, Tate alinyoosha mkono wa kwanza kwenye sahani ile, akala, akameza, wote wakimwona. Kisha akafinyanga tonge jingine, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka mpaka mdomoni mwa Feliche. Feliche alikawia. Nilidhani ni haya. Halafu akafungua kinywa, akala, na wazee wakapiga makofi, nami nikapiga kwa nguvu kuliko wote. Kesi ikawa imekwisha.

Miaka mingi ikapita, Tate akafa akiwa ameshikwa mkono na Feliche, maana hakutaka kuuguzwa na mwingine. Baada ya matanga nilikaa na mama mdogo huyo, sasa mwenyewe ana mvi, tukacheka habari za Sista na godoro lililopasuliwa. Nikamsifu kwa huruma aliyokuwa nayo kwa mnyama wa mtoto. Akaniangalia kana kwamba mimi bado ni mtoto.

"Haikuwa huruma," alisema. "Minye nilijua ni yeye njo anabaua, juu banirudishe kwetu. Ile dende ilikuwa shahidi yangu. Ningeiacha ife?"

Tangu dende wa kwanza alikuwa ameamini kwamba Tate ndiye anayewaua ili apate sababu ya kumfukuza, na kufuli ilipotiwa hakubaki na shaka. Chakula cha nyumba alikuwa amekwisha kukiacha. Alikula viazi alivyochoma mwenyewe kwenye majivu, nami kukonda kwake nilikuwa nimekuita kukumbuka nyumbani. Wanawake wawili wa ua mmoja, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na sisi tulikuwa na macho kwa mmoja tu. Habari ya majani kujipika hakuna aliyemweleza mpaka siku ya pili yake, wazee wamekwisha kuondoka. Tate aliona aibu, na sisi tulidhani anajua.

Nikamuuliza, basi lile tonge la Jumapili? Akasema alijua ni sumu. Tate alikuwa amelifinyanga kwa vidole vyake, amelichovya mwenyewe, na kukataa mbele ya wazee kungekuwa kukiri. Aliwafikiria wadogo zake wa kike kule Kiringye. Ndipo akafungua kinywa.

Nakumbuka jinsi alivyokaa baadaye, ameegemea ukuta wa jiko, mkono juu ya tumbo, mpaka jua likazama. Alikuwa anangoja. Sisi tulidhani ameshiba.